Fundi Piano wa Haifa na Mwanangu Mamduh

Muharram Bey, Iskandaria
4 Novemba 1975

Mwanangu Mamduh,

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima isipokuwa macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, tena yote mawili, na atanipasua tarehe 26 Februari. Amenikataza kusoma. Nikamwambia ndiyo, daktari, kisha nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Girgis, mtaa wa Nabi Danyal, nikakodi vijitabu vitatu kwa mpigo. Kama macho yatafungwa, acha yafungwe yakiwa yameshiba.

Ni vile vya jalada jekundu, vya fundi piano, nilivyoanza kuvisoma wakati ule wa vita. Sijui kama huko vinafika. Kuna kijana anaitwa Sharif, mzaliwa wa hapa hapa Iskandaria. Serikali imempeleka Haifa, katikati ya maadui, akajifanya fundi wa kutengeneza piano. Anaingia nyumba za majenerali, anafungua piano, anafunga piano, na masikio yake yako wazi. Huku nyumbani watu wanamsengenya: eti kakimbia vita, eti yuko Ulaya anakula raha. Mama yake anayasikia yote hayo kwenye foleni ya mkate na hajibu. Hajaambiwa kitu na mtu, ila moyo umeshamwambia. Nimefika kijitabu cha saba na nimeshalia mara nne.

Watu wanakuulizia. Mama Nabil wa ghorofa ya pili, yule ambaye mwanawe alikufa Sinai kwenye vita vya Oktoba, huniuliza kila Ijumaa. Namjibu inavyompasa mama kujibu. Wewe usijali.

Sasa nikuulize jambo moja, nawe ujibu kadiri unavyoruhusiwa. Unaweza kuja kabla hawajanifunga macho? Daktari anasema wengi hupona. Hakusema wote, kasema wengi. Nimekuwa fundi cherehani miaka thelathini, na mimi pia nilikuwa nawaambia wateja kwamba nguo nyingi hutoka vizuri. Nataka nikuone uso, Mamduh. Miaka mitatu na nusu si mchezo.

Mama yako,
Inshirah


Pireo, Ugiriki
26 Novemba 1975

Mama mpenzi,

Nabusu mikono yako yote miwili. Barua yako imenitia wasiwasi. Tafadhali msikilize daktari, na Girgis mwambie asikukodishe tena chochote mpaka upone. Hao majasusi hawatakimbia.

Mimi ni mzima. Kazi ya ofisini inaendelea. Bwana Stavro, mkubwa wangu, ananiamini zaidi siku hizi, ingawa hapendi akiniona naandika barua. Juzi alisimama nyuma yangu akauliza kwa nini naanzia kulia kwenda kushoto, na ni nani huyo ninayemwandikia mambo marefu hivyo. Nikamwambia ni mama yangu. Akacheka, akaniambia nirudi kazini.

Kuhusu kuja, mama, naomba usinikasirikie. Kwa sasa haiwezekani. Kuna sababu ambazo siwezi kuzieleza kwenye barua. Ningeweza ningekueleza. Siku moja nitakuambia yote tukiwa tumekaa pamoja.

Nimetia picha humu ndani. Ni mimi gatini, rafiki yangu ndiye aliyeipiga. Hilo koti jeupe lisikushangaze, siku hiyo tulikuwa na shughuli.

Mwanao,
Mamduh


Muharram Bey
12 Desemba 1975

Mwanangu,

Nimekuelewa. Kila neno. Hukuhitaji kuandika zaidi, na nakuomba usiandike zaidi.

Huyo Bwana Stavro jihadhari naye. Mtu anayesimama nyuma ya mwenzake anayeandika hana nia njema. Mpe chai, mchekee, lakini barua zangu usiziache mezani.

Picha nimeitazama siku tatu. Umekonda mashavuni, na nywele zimerudi nyuma kama za marehemu baba yako. Koti limekukaa vizuri, ila bega la kushoto linataka kupunguzwa. Nilipokwisha kuikariri nikaibusu, nikaichoma kwenye jiko. Ilinibidi, wewe mwenyewe unajua.

Habari ya huzuni ni kwamba shangazi yako Dawlat amefariki. Ilikuwa ghafla, siku ya Jumanne, baada ya mgeni tusiyemjua kufika mlangoni. Hatuna la kufanya ila kusubiri. Naamini nawe umenielewa.

Wako, unayemjua


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Pireo, 24 Desemba 1975
Kwa familia ya marehemu Dawlat, Ras el-Tin, Iskandaria

NIMEVUNJIKA MOYO. ALINILEA KAMA MWANAWE. MUNGU AMPE PEPO NA AWAPE SUBIRA. SAMAHANI SIKUMZIKA. MAMDUH.


Ras el-Tin, Iskandaria
27 Desemba 1975

Wewe Mamduh,

Mimi ndiye marehemu. Nakuandikia kutoka kaburini, ghorofa ya tatu, ambako lifti haijafanya kazi tangu mwaka juzi.

Simu yako imefika tukiwa mezani. Mume wangu aliisoma kwa sauti huku mimi nikimpakulia wali. Alifika kwenye "Mungu ampe pepo," akaanza kulia, ndipo akainua macho akaniona nimeshika mwiko. Ana kisukari yule, mtoto. Ungeniletea msiba wa kweli.

Nimevaa viatu nikaenda kwa mama yako kumuuliza nimekufa lini. Hakuona haya hata kidogo. Alifunga dirisha, akafungulia redio kwa sauti, akaninong'oneza kwamba Jumanne alikuja mtu akauliza wangapi wanaishi hapo, na kwamba katika kijitabu cha saba mama wa yule fundi piano humwandikia mwanawe "shangazi amefariki" pale mtu asiyejulikana anapokuja kuulizauliza. Ni ishara ya hatari. Akadhani nyote huko mnaijua. Huyo mtu, Mamduh, alikuwa msoma mita ya umeme. Amesoma na ya kwangu.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, na ndiyo sababu nakuandikia.

Mama yako anaamini wewe ni jasusi wa Misri. Haigizi wala hafanyi mzaha. Vita vilipoanza, wewe ulinyamaza miezi saba, hakuna barua, hakuna salamu. Mtaa wote ulisema mengi. Ni kweli mwana wa pekee haitwi jeshini, sheria iko wazi, hakuna aliyekuita mtoro. Lakini vijana wa pale walienda na wanne hawakurudi, na watu wenye msiba hawasomi sheria. Walimsema kwenye foleni ya mkate, akarudi nyumbani akalala siku mbili. Siku ya tatu akakutana na hivyo vijitabu, akainuka. Tangu hapo anatembea kichwa juu.

Hilo ningelinyamazia. Kila mtu na dawa yake. Lakini amemwambia Mama Nabil. Hakumwambia waziwazi, amemwambia kwa namna ya "siwezi kusema mengi, dada yangu, lakini wanetu wote wawili walikuwa vitani." Na Mama Nabil ameamini. Kila Ijumaa mama huyo aliyemzika mwanawe humpandia mama yako na sahani ya keki ya basbusa, wanakaa pamoja, na humwombea dua Nabil kwanza, kisha wewe.

Sasa niambie, na usinifiche kwa sababu mimi ni maiti na maiti hawasengenyi. Wewe unafanya kazi gani huko?

Shangazi yako, bado niko hai,
Dawlat


Pireo
8 Januari 1976

Mama,

Barua hii nimeiandika mara tano. Hii ya sita nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Shangazi Dawlat ameniambia unachokidhani. Kosa si lako, ni langu. Mimi ndiye niliyekuachia nafasi ya kudhani.

Sina ofisi, mama, wala sijawahi kuwa nayo. Ile shule ya uhandisi wa meli niliyoijia huku, nilifeli mtihani wa lugha mwezi wa kwanza, nikafeli tena wa pili, hakukuwa na wa tatu. Naosha sahani katika mgahawa wa samaki karibu na gati. Stavro ndiye mwenye mgahawa. Si mtu mbaya, ila hataki niandike barua saa za kazi kwa sababu sahani zinarundikana. Siku za Jumapili naosha mia nne. Hilo koti jeupe ni la mhudumu aliyekuwa mgonjwa, nililivaa mchana mmoja, rafiki yangu akasema simama hapo nikupige picha, mama yako afurahi.

Vita vilipoanza nilikuwa nasugua sufuria la supu. Redio ya jikoni ilisema jeshi letu limevuka Mfereji na kuingia Sinai. Nilimjua Nabil, mama. Tulikaa dawati moja miaka sita, nilijua yuko kule. Nilisimama na sufuria mkononi, na sikufanya kitu. Sikwenda ubalozini kuuliza kama wananihitaji, wala sikukuandikia. Niliendelea kusugua. Siku zilivyozidi kupita aibu ilikuwa kubwa zaidi, na kila nilipochukua kalamu nilijiuliza nitaanzaje. Ndivyo ilivyopita miezi saba. Hakuna siri nyingine.

Mimi si mtu wa siri, mama. Mimi ni mtu wa sahani. Nisamehe.

Mwanao,
Mamduh


Muharram Bey
20 Januari 1976

Mwanangu mpenzi,

Maashallah. Nimeisoma kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na nakwambia wazi hakuna mwandishi wa vijitabu anayeweza kuandika vizuri hivyo. Hata lile la sufuria la supu! Mtu yeyote akiifungua barua hii njiani ataamini kabisa, na atakuonea huruma, na ataifunga tena. Umekomaa katika kazi yako.

Ila nikukosoe mahali pawili, kwa sababu mimi ni mama yako na huko hakuna wa kukukosoa. Kwanza, sahani mia nne ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Andika mia mbili. Pili, hukupaswa kusema ulifeli lugha. Kila mtu hapa anajua ulikuwa wa kwanza darasani.

Nimefika kijitabu cha kumi na mbili, na humo mama yake Sharif anaanza kuumwa. Nimemrudishia Girgis bila kumaliza. Akaniuliza kwa nini, nikasema herufi ni ndogo.

Ninaelewa kwamba huwezi kuja. Nilikosea kukuomba, nilijisahau, macho yalinitisha. Usiniwaze. Tarehe 26 Dawlat atanipeleka hospitali na Mama Nabil atakaa nami baadaye. Ameniambia, "Mwanao analinda nchi, mimi nitamlindia mama yake." Nililia, Mamduh. Ni mwanamke mwenye moyo mkubwa.

Mama yako anayekuonea fahari,
Inshirah


Pireo
30 Januari 1976

Mama,

Naapa kwa kaburi la baba kwamba yale niliyokuandikia tarehe nane ni kweli yote. Naosha sahani. Sijatumwa na mtu. Ni mia nne.

Dirisha la jikoni linatazama gati. Kila Jumamosi naiona meli ya Iskandaria ikiondoka, na kila Jumamosi nasema wiki ijayo. Nauli ninayo tangu mwaka jana, imo ndani ya kopo la biskuti. Nilichokosa ni uso wa kupita nao mbele ya mlango wa Mama Nabil.

Mamduh


Muharram Bey
9 Februari 1976

Mamduh,

Barua hii nimemwandikisha Dawlat, maana mistari inanikimbia. Amekula kiapo kwamba hataongeza neno lake. Tutaona.

Umeapa kwa kaburi la baba yako. Huyo Sharif katika vijitabu kumi na mbili amewadanganya polisi, mabalozi, majenerali, na mchumba wake aliyempenda. Kwa kaburi la baba yake hakuapa hata mara moja. Hata mwandishi aliona haya. Kwa hiyo nikaiweka barua chini, nikakaa.

Nimekaa siku nne. Nimekukasirikia kwanza. Halafu nikajikasirikia mimi, mwanamke mzima, fundi aliyewashonea mabibi harusi mia tatu na hakuna aliyemdanganya hata inchi moja ya kitambaa, kwenda kuchoma picha ya mwanangu jikoni. Ile picha naililia zaidi ya macho.

Nitakwambia kwa nini niliamini, na usinicheke. Dawlat naye nimemkataza kucheka. Sikuamini kwa sababu ya vijitabu. Mimi si mjinga, najua hadithi ni hadithi, najua Girgis anauza karatasi. Nilipokuwa nasubiri barua yako ile miezi saba nilitafuta kila sababu ambayo ingemzuia mtoto wangu kumwandikia mama yake. Nikasema kafa. Hapana, wangeniletea taarifa. Nikasema kafungwa. Nikasema kaoa na mke hampendi mama mkwe. Zote zilinichoma. Ndipo nikasoma juu ya mtu anayempenda mama yake na haji, haandiki, kwa sababu amekatazwa, na akikiuka watu watakufa. Nikasema, huyo ndiye wangu. Mama ataamini mwanawe ni jasusi kabla hajaamini kwamba aliweza kuja na hakuja.

Sasa unaniambia nauli iko kwenye kopo la biskuti.

Kuosha sahani si aibu. Baba yako alisukuma mkokoteni wa mizigo bandarini miaka kumi kabla hatujapata ile cherehani, na mimi nilimpenda na mkokoteni wake. Aibu ni hii niliyonayo mimi. Miaka miwili nimekula basbusa ya mama mfiwa kwa jina la vita ambavyo mwanangu hakupigana. Ijumaa iliyopita aligonga mlango, nikamwambia naumwa kichwa. Akaiacha sahani nje. Iko hapa mezani na siwezi kuila, na siwezi kumrudishia, na siwezi kumwambia. Nimejaribu. Nilishuka ngazi hadi mlangoni kwake, nikasikia anazungumza na picha ya Nabil, nikapanda tena.

Nilipokuwa mama wa jasusi sikuwa na haki ya kukuita. Mama wa jasusi anasubiri tu. Lakini mama wa mwosha sahani anaweza kumwita mwanawe wakati wowote, na mwanawe hana udhuru.

Basi nakuita.

Mama yako,
Inshirah

(Mamduh, ni Dawlat. Sikuongeza kitu hapo juu, Mungu shahidi. Ila jua kwamba amelia wakati wote akiniandikisha, na daktari amekataza kulia pia.)


SIMU YA MAANDISHI
Kutoka Pireo, 20 Februari 1976
Kwa Inshirah, Muharram Bey, Iskandaria

MELI YA KESHO. NAFIKA JUMATATU ASUBUHI. USISHUKE NGAZI. NITAPITIA GHOROFA YA PILI KWANZA, NITAMWAMBIA MAMA NABIL MWENYEWE. KISHA NITAPANDA KWAKO. MAMDUH, MWOSHA SAHANI.